Kinyago na Mchongaji Wake

Watu wa pwani wana methali ijulikanayo hata na watoto: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni kauli ya mtu wa akili kavu, aliyeiona tezo ikipanda na kushuka, akaliona vumbi la mbao likianguka miguuni pa fundi, naye haoni sababu ya kuogopa kazi ya mikono ya binadamu. Methali hii ni nyepesi kuitamka barazani, Unguja au Lamu. Huwa nzito mtu aiachapo miamba mikubwa ya Masasi, iliyochomoza katika tambarare kama vichwa vya watu waliozikwa hadi shingoni, akapanda kuelekea Newala na uwanda wa juu wa Wamakonde. Kule wapo watu ambao kwa vizazi vingi wamewalea vijana wao kwa fundisho linaloelekea kuwa kinyume cha methali hii: kwamba mtu hukomaa siku anapojua kinyago kimechongwa na nani, na huthibitika kuwa amekomaa kwa namna anavyokiheshimu baada ya kujua.

Mwaka 1906 alifika huko Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa, na yeye alisafiri chini ya ulinzi wa dola iliyokuwa ikiwanyonga watu. Hilo halifai kusahauliwa na asomaye kitabu chake cha 1908, ingawa kitabu chenyewe ni hazina. Humo mna hadithi ya asili ya Wamakonde. Hapo kale, yasema hadithi hiyo, alikuwako kiumbe mmoja porini, peke yake, asiyeoga wala kunyoa, ambaye alikuwa bado hajawa mtu. Siku moja akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha wima karibu na makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili hadi mto Ruvuma. Huko mke akajifungua mtoto, naye alikuwa amekufa. Wakahama, wakaenda bonde la Mbemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa maiti. Ndipo wakapanda tena juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Kwa sababu hiyo wazee wakawausia watoto wao wasikae mabondeni wala kando ya mito mikubwa, na wawazike wafu wao wakiwa wamesimama, kwa vile mama wa kabila alipata uhai akiwa amesimama.

Mwanajiografia ataisoma hadithi hii kama maelezo ya kwa nini watu waliishi juu ya uwanda usio na chemchemi, ambako wanawake walilazimika kushuka magenge kwenda kuteka maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Ni kweli, lakini si kweli yote. La ajabu zaidi limo katika maneno machache ya mwanzo: kiumbe ambaye alikuwa bado hajawa mtu. Hadithi haisemi kwamba alipuliziwa roho, wala kwamba sauti ilimwita kutoka mbinguni. Alichonga, akasubiri usiku upite, kisha akafiwa mara mbili. Utu wake ulikuja kidogo kidogo, kwa kazi ya mikono, kwa kuwa na mwenzi na kwa msiba. Kama kuna falsafa ya kukua kwa ufahamu wa binadamu katika Afrika ya Mashariki, basi hii ni miongoni mwa zile zilizosemwa kwa maneno machache kabisa, nayo ilisemwa bila kutaja neno ufahamu.

Aghalabu fani hii hutafutwa mbali. Wapenzi wa njia mpya za roho humtaja Sri Aurobindo wa Pondicherry, aliyefariki mwaka 1950, ambaye aliamini kwamba akili ya binadamu si kituo cha mwisho. Au Teilhard de Chardin, kasisi Mfaransa aliyechimbua mifupa ya kale, ambaye kitabu chake kikuu juu ya binadamu kilitoka mwaka 1955, mwaka ule ule aliofariki. Wengine humshika Jean Gebser, ambaye tangu mwaka 1949 aliyapanga mageuzi ya ufahamu katika hatua: ya kale, ya uchawi, ya visasili, ya akili, kisha ile inayozikusanya zote. Ni watu wa fikra kubwa, na Gebser mwenyewe alionya kwamba hatua za mwanzo hazifi bali huendelea kuishi ndani ya mtu. Hata hivyo wafuasi wa mawazo kama haya wamezoea kuigeuza safari ya roho kuwa ngazi, na katika ngazi hiyo Mmakonde mwenye kinyago usoni huwekwa chini, kwenye kidato cha uchawi, huku msomaji wa kitabu akijiweka juu.

Kasoro ya ngazi hiyo huonekana papo hapo mtu ayatazamapo mambo ya jando. Upande wa Tanzania vinyago vya midimu huvaliwa usoni. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, lipiko huvikwa kichwani kama kofia nzito. Mtoto hufundishwa kwamba anayekuja uwanjani akitikisa njuga si mtu, bali ni mzimu uliotoka kuzimu. Hukimbia, hulia, hujificha nyuma ya mama. Kisha huja mwaka wa kuingia kumbini. Huko, pamoja na kutahiriwa, pamoja na nyimbo na mafumbo na adabu za kuishi na wakubwa, mwari huonyeshwa siri: ndani ya kinyago mna mtu, pengine mjomba wake. Aliyemkimbia miaka yote ni jasho na pumzi kama yeye.

Hapa ndipo mahali penye hatari katika malezi yote ya dini, si ya Wamakonde peke yao. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mizimu ni watu, atafanya nini? Ulaya, tangu karne ya 18, wengi walijibu kwa kicheko: wakakivua kinyago, wakakitupa, wakajiita walioelimika. Jando hutoa jibu jingine. Kijana hapewi ruhusa ya kucheka. Hupewa kinyago. Yeye naye ataingia ndani yake, na kuanzia siku hiyo ni wajibu wake kuwafanya wengine waone kile ambacho yeye hakioni tena kwa jinsi ile ya zamani. Watafiti wameandika zaidi ya mara moja kwamba wanawake, wanaodhaniwa kudanganywa, wanaijua siri hiyo tangu zamani, nao huitunza kwa kukimbia na kupiga mayowe kwa wakati wake. Basi nani anamdanganya nani? Yaelekea hakuna. Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kimekubaliana kwamba wafu wanastahili kuwa na uso, na kwamba uso huo hauwezi kupatikana ila mtu aliye hai akubali kuuficha wake.

Hilo si fikra ya kidato cha chini. Ni safari yenye hatua tatu, kuamini, kujua, kisha kubeba, na ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote.

Masasi yenyewe ina historia yake ya watu waliotakiwa kuwa watu wapya, na historia hiyo ilianzia kisiwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Unguja na kuandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, aliondoka na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Alikusudia kuwarudisha pande za Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakapapenda, wakakaa. Fikiri hali ya watu wale: walikuwa wamepoteza kabila, makaburi ya wazee na mara nyingi hata majina, walipewa majina mapya kwa ubatizo na lugha mpya ya sala. Walikuwa, kwa maneno ya hadithi ya Mahuta, watu waliochongwa upya na kusimamishwa wima. Mwaka 1882 Wangoni waliwashambulia, wakaua na kuteka. Mwaka 1905 Maji Maji ikaifikia Masasi, na misheni ikachomwa moto. Maji yale nayo yalikuwa ahadi ya roho: kwamba watu wa makabila mbalimbali wakinywa dawa moja watakuwa kitu kimoja, na risasi zitageuka maji. Kinjikitile alinyongwa Agosti mwaka huo, na njaa iliyofuata vita iliua watu wengi kuliko bunduki.

Baada ya moto huo likazuka swali lililowasumbua Wakristo wa Masasi kuliko mengine yote. Kijana aliyebatizwa bila kwenda jando alikuwa nani? Kanisani aliitwa mtu mzima. Kijijini alikuwa mtoto, hana sauti kikaoni, wala binti wa watu hapewi kumwoa. Makasisi na walimu Waafrika walilijua jambo hili katika miili yao. Mmoja wao, Kolumba Msigala, aliacha kumbukumbu alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, ambazo wanahistoria wa baadaye wamezitegemea sana. Mwaka 1913 likafanywa jando la kwanza la Kikristo. Kumbi lilijengwa, wari wakaingia, desturi nyingi zikabaki, na sala za Kanisa zikawekwa mahali pa matambiko ya mizimu. Jina linalotajwa vitabuni ni la Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, na aliyelitetea jambo hili kwa maandishi mbele ya wakubwa wa misheni. Anastahili sifa. Lakini ni haki kusema kwamba bila makasisi wazawa asingekuwa na la kutetea, kwa maana yeye hakulelewa kumbini.

(Mwaka huo huo wa 1913, huko Tendaguru, upande wa Lindi, Wajerumani walikuwa wakimaliza uchimbaji wao wa miaka minne. Wapagazi walikuwa wamebeba vichwani hadi pwani mifupa ya wanyama waliokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, zaidi ya tani 200, na mifupa hiyo iko Berlin hadi leo. Jimbo moja, wakati mmoja, lilikuwa likiwapa wataalamu wa Ulaya ushahidi wa mageuzi ya miili, na huku likijaribu kwa siri ya kichakani mageuzi ya namna nyingine.)

Jaribio la Masasi lilifaulu nusu. Kwa wavulana lilishika mizizi. Kwa wasichana lilikuwa gumu, kwa sababu unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na wamishenari, wengi wao wakiwa waseja, hawakuwa na mlango wa kuingilia. Waislamu wa nchi hiyo, walioongezeka haraka baada ya Maji Maji, walikuwa na njia yao: jando lilipata mwalimu na dua, na dhikri za Kadiria zilipanda kutoka Lindi kwenda bara, hata mwaka 1908 ile iliyoitwa Barua ya Makka ikawatia Wajerumani hofu ya uasi mwingine. Msikiti na kanisa, kila kimoja kwa namna yake, vilikubali jambo moja ambalo wazee wa uwanda walikuwa wamelishikilia siku zote: kuzaliwa hakutoshi kumfanya mtu awe mtu.

Leo hospitali hutahiri kwa dakika chache, na hilo ni jema. Hapana anayewalilia watoto waliokufa kwa vidonda vilivyooza akatamani kisu cha ngariba. Jando na unyago vimesogezwa vifuate likizo za shule. Unyago wa mabinti wadogo mno, wanaofundishwa mambo ya unyumba kabla ya wakati wake, umelaumiwa na wengi katika mkoa wa Mtwara, na lawama hiyo ina haki. Lakini anayeufupisha mwezi wa kumbini kuwa siku tano hakati muda peke yake. Siri huhitaji siku za kutosha ili ianze kuuma. Mtoto akiambiwa asubuhi kwamba mzimu ni mjomba wake, na jioni akarudi nyumbani, atakuwa amepata habari tu.

Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na jumba la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 kikatambuliwa kuwa ni kile kilichoibwa, na kutoka hapo ilichukua miaka 20 ya barua na mazungumzo hata kikarudishwa Tanzania, Mei 2010. Magazeti yaliandika juu ya mali, sheria na heshima ya mataifa. Hayakuuliza juu ya tundu mbili za macho zilizotobolewa katika mbao ile, ambazo hazikutobolewa kwa ajili ya mtazamaji aliye nje. Fundi alizipima kwa mtu atakayekuwa ndani, ili apate kuona pa kukanyaga, katikati ya vumbi na ngoma, mbele ya watoto wa dada yake wanaomkimbia.