Mkunazini: Swali la mtoto mbele ya minyororo

Kutoka bandarini Malindi hadi Mkunazini, Unguja, ni mwendo mfupi wa miguu. Unapita soko la Darajani na harufu yake ya samaki na viungo, unakata vichochoro, mara mnara wa kanisa unachomoza juu ya mabati. Karibu yake kuna mnara wa msikiti. Ukisimama mahali fulani barabarani unaiona yote miwili kwa pamoja, na wapiga picha wanapapenda sana hapo.

Jumamosi moja mama mmoja alishuka boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na watoto wake wawili. Ni Mkristo, na alitaka waone pale palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Aliyewaongoza alikuwa Mzanzibari wa makamo, kofia kichwani, mpole wa sauti. Mtoto mkubwa, wa miaka 10, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, safari ikaanza vizuri.

Uani kuna shimo la mawe lenye sanamu tano za watu waliosimama, minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Watoto walinyamaza. Kisha yule mkubwa akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mama, kwa hiyo Waislamu ndio waliwauza hawa?"

Mama akamvuta mkono. "Nyamaza wewe!" Halafu akamgeukia mwongozaji: "Samahani sana, kaka."

"Muache aulize, dada," alijibu. "Karibu kila wiki naulizwa. Wengine watu wazima, hawaulizi, wananitazama tu."

Akachuchumaa usawa wa mtoto, akahesabu kwa vidole. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, Waislamu, ndiyo. Walikuwapo machifu wa bara waliouza mateka wa vita. Walikuwapo matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara. Na walikuwapo wenye mashamba ya miwa wa Kifaransa, huko Mauritius na Réunion, waliokuja kununua. "Hao walikuwa wanasali kanisani," alisema, bila kejeli.

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akamalizia mwenyewe: "Na Livingstone tunayemsoma, kuna wakati alisaidiwa safarini na Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa." Mtoto alionekana kuchanganyikiwa. Pengine ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtoto wa miaka 10.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba usemi wao uwe na neema na ukolee chumvi. Wengi wetu tunachukua neema tu, tunaacha chumvi, tukidhani kusema kwa upole ni kutosema. Pale shimoni haiwezekani. Mama aliyenyamazisha swali alikuwa na adabu. Ila mtoto angerudi Dar na jibu alilojitungia mwenyewe.

Ndani ya kanisa mambo yanachangamana zaidi. Jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka uleule wa kufungwa soko. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, na husimuliwa kuwa saa ya mnarani ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Msalaba mmoja umechongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa amekwisha kukaa na watu wa Unguja akiandika hadithi zao na sarufi ya lugha yao. Vitabu hivyo vilitoka 1870, kabla jiwe hata moja halijawekwa. Alijifunza kwanza kusikiliza Kiswahili cha majirani Waislamu, ndipo akakitumia kutafsiri Biblia. Nguzo chache nyuma ya kanisa zimesimama kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi walizikosea askofu akiwa safarini. Hazikubomolewa. Watoto walizipenda kuliko kitu kingine chochote.

Kisha kuna vyumba vya chini ya ardhi, vyenye dari ya kuinamia na matundu membamba ya hewa. Wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Lakini wapo wanahistoria wanaosema jengo la juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kuwa hospitali, na vyumba hivyo huenda vilikuwa stoo tu. Hospitali ya wakati ule, kwenye joto la Unguja, ilihitaji mahali pa ubaridi. Mzazi Mkristo akimpeleka mtoto pale ana wajibu wa kumwambia yote mawili. Biashara ile ilikuwa mbaya vya kutosha. Kumwongezea jirani kosa ambalo pengine halikutendeka hapo, hata kwa nia ya kumliza mtoto, si haki.

Hili si jambo la makumbusho tu. Novemba 2012 kiongozi mmoja wa Kiislamu alimwagiwa tindikali hapa Unguja. Februari 2013 padri wa Kikatoliki alipigwa risasi akafa. Watoto waliozaliwa miezi ile sasa wana simu, na humo kila mmoja hukuta maneno makali dhidi ya wenzake.

Walipofika getini adhana ya adhuhuri ilianza. Mwongozaji aliaga, akasema anakwenda kuswali. Yule mtoto akamfuata hatua mbili tatu.

"Mwalimu, na wewe hukasirika wakikuuliza?"

"Zamani nilikuwa nakasirika," alisema, akavuka barabara.