Tiketi ya Saa Tatu na Nusu

Makadara, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako anakusalimu, ingawa najua mlizungumza jana usiku mpaka bando likamwishia. Yeye ndiye aliyenionyesha simu yake: tiketi ya meli, safari ya siku nne kutoka Miami kwenda Nassau na kurudi, na chini yake tiketi ya ndege ya kukurudisha Ohio siku ileile mtakayoshuka wewe na rafiki zako, saa tatu na nusu asubuhi. Mama yako alikuwa akiifurahia picha ya meli. Mimi macho yangu yaliganda kwenye ile saa.

Ibadilishe.

Nitakueleza sababu. Ukiona nimeandika marefu, kumbuka mjombako alitandika vitanda kwenye meli za namna hiyo miaka 19, na asubuhi za kushusha abiria nimeziona mpaka nimezichoka. Wewe utaiona moja tu, na ukiikosea hiyo moja hutapata ya kujirekebisha.

Meli hufunga gati alfajiri, aghalabu kabla ya saa kumi na mbili. Abiria huamka, huchungulia dirishani, huona makontena na magari, husema tumefika. Hawajafika. Kwanza maafisa wa uhamiaji wakubaliane na wenye meli, mizigo iteremshwe na kupangwa ukumbini, ndipo kipaza sauti kianze kuita makundi. Siku njema, wa kwanza hushuka mnamo saa moja na nusu. Siku ya ukungu, au siku ambayo meli tatu zimeingia pamoja na maafisa ni wale wale, saa tatu itakukuta umekalia begi lako kwenye ngazi unahesabu nati za ukutani. Na meli za leo zimekuwa miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Wote hao wana asubuhi moja ya kutoka, maana mchana wanaingia wengine. Uwanja wa ndege nao hauko mbali na bandari, dakika 20 hivi njia ikiwa wazi, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Nimewaona wakilia kwenye teksi.

Najua utaniuliza: kwani uhamiaji wa nini, na mimi natoka Marekani narudi Marekani? Swali hilo niliwahi kumuuliza baharia mmoja wa Kifilipino, akanijibu kwa mwaka: 1886. Mwaka huo Wamarekani walitunga sheria inayozuia meli za bendera za kigeni kubeba abiria kati ya bandari moja ya Marekani na nyingine. Meli kubwa karibu zote za anasa zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta na kwingineko, kwa hiyo zikitaka kuchukua watu Miami na kuwarudisha Miami ni lazima ziguse bandari ya nchi nyingine njiani. Nassau iko karibu. Ndiyo maana mnapelekwa Nassau, si kwa uzuri wa mchanga wake peke yake. Mchanga wa Diani nisingeubadilisha nao. Matokeo yake, ukikanyaga tena Miami wewe kisheria hukutoka kutembea. Unaingia Marekani upya kutoka nchi ya kigeni, sawa na siku ile uliyotua kwa ndege ukitokea Nairobi na shali ya mama yako shingoni.

Hapo rafiki zako watakupotosha, tena kwa mapenzi. Watakwambia pasipoti ya nini, sisi huenda na cheti cha kuzaliwa na leseni ya gari. Wanasema kweli, na kweli hiyo ni yao. Raia wa Marekani anayeondoka bandari moja na kurudi hapohapo anaruhusiwa hivyo. Wewe huruhusiwi. Wewe una pasipoti ya Kenya, viza ya mwanafunzi na ile fomu ya chuo ya I-20, na vyote vitatu lazima uwe navyo, vyenyewe, si picha kwenye simu. Geuza I-20 uangalie ukurasa wa saini ya safari: saini ya ofisa wa chuo iwe haijapita mwaka mmoja. Kama imepita, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hii, usingoje Ijumaa ya mwisho wakati foleni ya huko nayo imefika barabarani. Kisha tazama viza yako: tarehe ya mwisho, na kama ni ya kuingia mara moja au mara nyingi. Iko kanuni inayomruhusu mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha kurudi kutoka visiwa vya jirani, Bahamas ikiwemo, kama hakukaa zaidi ya siku 30 na rekodi yake ya kukaa nchini ni hai. Lakini usiitegemee kanuni hiyo kwa maneno yangu wala ya rafiki zako. Karani wa kupandisha abiria asipoijua, atakuacha gatini na meli itaondoka mbele ya macho yako. Ofisi ya chuo ikuambie, na ikuandikie. Wenye meli nao waulize mapema Bahamas inataka nini kwa mwenye pasipoti ya Kenya.

Nassau yenyewe haina shida. Meli huruhusiwa kwa pamoja, mnatoka na kadi ya chumba na kitambulisho, mnarudi navyo. Shida pekee ni saa. Fuata saa ya meli, usifuate ya simu, na rudi mapema. Wanaokimbia gatini hufurahisha waliokwisha kupanda.

Sasa njoo kwenye usiku wa mwisho, maana foleni ya asubuhi hutengenezwa usiku huo. Utakuta kwenye chumba vibandiko vya rangi au namba vya kufunga kwenye masanduku, na agizo kwamba sanduku liwe nje ya mlango kabla ya saa nne au saa tano usiku. Mabaharia huyakusanya usiku kucha, na hutaliona lako mpaka ukumbini bandarini. Watu hawaelewi maana ya hilo. Palikuwa na mzee wa Kijerumani, mtu nadhifu sana, alipanga kila kitu kwenye sanduku lake, akaliweka nje, akalala. Asubuhi nikagonga mlango kumwambia kundi lake linaitwa. Akafungua amevaa pajama. Suruali zote zilikuwa sandukuni. Nikaenda kwa watu wa dobi, wakanipa suruali ya jikoni, ile ya miraba myeusi na myeupe, akaivaa akashuka kama mpishi aliyefukuzwa kazi. Tulicheka sana, mpaka tulipopata habari kwamba pasipoti ilikuwa mfukoni mwa suruali aliyoifungia. Afisa akamweka kando. Ukumbini palikuwa na masanduku maelfu, na sijui kwa nini wanadamu wote hununua sanduku jeusi.

Kwa hiyo wewe safiri na begi dogo unaloweza kulishusha ngazi mwenyewe. Wanaojibebea mizigo yao huitwa kwanza, na begi halikutoki mkononi. Pasipoti, I-20, dawa na chaja ziwe kwenye mkoba wa kifuani, si ndani ya begi. Bandari nyingine unamwona afisa kwanza kisha unachukua mzigo, nyingine unachukua mzigo kwanza. Usijisumbue kujua, karatasi zikae mwilini basi. Usiku huohuo maliza hesabu yako ya melini. Kadi yenye deni ikipitishwa pale mlangoni mashine hulia, na wote walio nyuma yako hukutazama.

Asubuhi kula. Nasema kula, ushibe, kisha uache chakula mezani. Usitie tofaa wala ndizi mkobani ukasema nitakula njiani. Matunda, nyama na mimea ni mambo makubwa kwa maafisa, na kuna mbwa wadogo wenye masikio marefu wanaopita kati ya mizigo wakinusa. Wakinusa, hukaa chini kimya karibu nawe, wanapendeza hata unataka kuwapapasa. Tofaa moja la bure linaweza kukugharimu faini ya mamia ya dola. Ukisahau na ukalikuta, liseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Kosa kubwa kwao si tofaa, ni kulificha.

Foleni yenyewe si kama kwenye feri ya Likoni, lango likifunguka watu wote wakamwagika. Utaona mistari imegawanywa, na wenzako wataingia ule wao wa raia. Waage hapo. Waambie mtaonana nje, na usiwafuate kwa kuona haya kuachwa. Mara nyingi siku hizi kuna kamera inayolinganisha uso wako na picha waliyonayo, kwa sababu meli hupeleka orodha ya majina yenu kabla haijafika. Raia hupita hapo kama upepo. Wewe huenda ukatakiwa pia kuonana na afisa na kuweka vidole. Hijabu yako si kosa. Wanachotaka ni uso uonekane wote, uusogeze ushungi ukiambiwa. Wakihitaji zaidi ya hapo, omba kwa adabu afisa wa kike na mahali pa faragha. Simu iweke ndani, humo ukumbini hairuhusiwi. Ujue pia kwamba mpakani wana uwezo wa kisheria wa kuikagua.

Afisa atakuuliza unafanya nini Marekani. Unasoma. Unasoma nini, wapi? Mtajie. Ulikwenda wapi? Nassau, siku moja. Umebeba nini? Mtajie. Jibu swali, kisha nyamaza. Nalikazia neno hilo kwa sababu kunyamaza si hulka ya ukoo wetu, na kwa sababu limenifika.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili melini, bandari ambayo jina lake nalihifadhi. Mabaharia nao hukaguliwa. Jina langu unalijua: wanaoitwa hivyo duniani ni wengi kuliko dagaa wa Kilindini. Afisa akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akaniuliza kabla ya hapa nilikuwa wapi. Jibu lilikuwa neno moja. Mimi kwa woga nikaanza hadithi: nilipita Dubai, nina binamu huko, ana duka, zamani alikuwa Muscat, mkewe ni mtu wa Lamu. Kila jina nililolitaja likawa swali jipya. Nikapelekwa chumba cha pembeni, nikakaa saa tatu nikiangalia saa ya ukutani, simu ya kumpigia bibi yako siku ya Idi ikanipita. Mwishowe akaja mtu mwingine, akanirudishia pasipoti, akasema nenda. Hakuna aliyeniambia samahani, wala aliyeniambia nilimfanania nani. Niliudhika, na mpaka leo sidhani walinitendea haki. Lakini zile saa mbili za mwisho nilijichongea mwenyewe kwa mdomo wangu.

Basi nawe ukipelekwa chumba hicho, usidhani umekamatwa. Kaa, jibu ulichoulizwa, na lisilojulikana sema silijui. Usidanganye hata kwa dogo, maana ukweli wenye aibu hupita na uongo mdogo huandikwa. Usifanye mzaha pia. Mzaha wa Mombasa hautafsiriki. Na uwe na namba ya ofisi ya chuo imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huenda isiwe mkononi mwako. Ukishatoka salama na kufika Ohio, fungua rekodi yako ya kuingia kwenye mtandao wa watu wa uhamiaji uhakikishe wamekuandika mwanafunzi, si mtalii. Makosa hayo hutokea, na ni rahisi kusahihishwa wiki ya kwanza kuliko mwaka wa tatu.

Jambo moja la upande wetu sisi wafanyakazi wa melini. Jina lako likiitwa kwenye kipaza sauti, nenda, hata kama kahawa bado ni moto. Meli lazima ifike sifuri, yaani abiria wote wa safari iliyokwisha wawe wametoka, ndipo wapya wapande. Hata wanaoendelea na safari ya pili hutolewa wakakaguliwa kisha wakarudishwa. Abiria mmoja aliyejifungia chooni huwazuia maelfu, na mhudumu wa chumba chake, ambaye ana vyumba 16 vya kusafisha kabla ya mchana, hawezi kuanza. Nimewangoja watu wa namna hiyo nje ya milango nimeshika mashuka. Mhudumu wako umwachie chochote mezani, na jina lake ulijue kabla hujashuka.

Ndege ya saa saba mchana au baada yake inatosha. Ukipata ya jioni ni bora zaidi. Utakula samaki Miami bila kutazama saa. Najua kubadilisha kutakutoza pesa. Mama yako ameniambia yupo radhi, na nusu nitaitoa mimi.

Fanya leo, kabla bei haijapanda, kisha umtumie picha ya tiketi mpya. Ameketi hapa pembeni yangu na simu mkononi.

Mjombako