JINA LAKO LIKIANDIKWA VIBAYA

Neno la leo liko Ezra mlango wa 5 na wa 6. Nataka tuongee kuhusu CRB. Ndiyo, umesoma vizuri. CRB.

Wayahudi walikuwa wanajenga hekalu Yerusalemu. Akaja Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Wazee wakajibu kwamba ni mfalme Koreshi. Walisema kweli, lakini Koreshi hakuwa tena kwenye kiti. Mfalme sasa ni Dario. Barua ikapelekwa kwake, kumbukumbu zichunguzwe. Watu wakatafuta Babeli, na mwishowe gombo likapatikana Ahmetha. Ndani yake ruhusa ya Koreshi imeandikwa, hata vipimo vya nyumba. Dario akaamuru waachwe wajenge, na gharama itoke kwenye kodi ya mfalme.

Sasa angalia jambo moja. Hagai na Zekaria walikuwa pale pale wakitabiri. Upako ulikuwepo. Maombi yalikuwepo. Lakini swali la Tatenai lilijibiwa na karatasi iliyotafutwa ikapatikana. Mungu yule aliyewatia nguvu manabii ndiye aliyelitunza lile gombo.

Mwaka jana dada mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini akilia. Alikuwa amepata kazi, mwajiri akamwitisha cheti cha CRB, na alipokiomba akaambiwa ana deni la mkopo wa simu, shilingi 6,800. Mkopo ule aliuchukua kweli, lakini aliulipa wote. Alikuwa amefunga siku tatu, akiamini adui ameshika jina lake. Hakuwa amemwambia hata mume wake. Aliogopa aonekane mtu wa madeni.

Nilimwombea. Halafu nikamuuliza, "Dada, uliilipa kwa njia gani?" Akasema M-Pesa. Simu ile aliyolipia ilishaibiwa, ujumbe haupo. Lakini laini ni ile ile, kwa hivyo akaomba taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule. Malipo yakaonekana: tarehe, kiasi, na namba ya muamala. Hiyo ndiyo Ahmetha yake! Akaandika barua, akaambatanisha, na rekodi ikarekebishwa. Kazi ile ya kwanza ilishachukuliwa na mwingine, sitakuficha. Lakini jina lake lilirudi mahali pake, na leo anatembea bila kuinamisha kichwa.

Mpendwa, pengine ni wewe. Basi nisikilize.

Kwanza, ijue hali ya jina lako kabla hujaulizwa. CRB si orodha ya wakosaji tu. Anayelipa vizuri pia ameandikwa humo. Benki Kuu ya Kenya imezipa leseni kampuni kama Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe. Isome mstari kwa mstari: jina, namba ya kitambulisho, kila mkopo, kila tarehe, kila kiasi. Kuna mkopo usioujua? Kuna uliolipa lakini bado unaonekana haujalipwa? Kiasi kimeongezeka bila sababu? Weka alama.

Pili, peleka malalamiko kwa maandishi. Usiende kugombana na msichana wa kaunta, yeye hakuandika hiyo rekodi. Iandikie CRB yenyewe, na umwandikie pia aliyekukopesha, kwa sababu habari ilitoka kwake. Taja mstari ulio na kosa, sema ukweli ni upi, ambatanisha ushahidi, na ubaki na nakala yako. CRB inapaswa kumuuliza mkopeshaji na kuonyesha kwenye ripoti kwamba jambo hilo linabishaniwa. Wakikaa kimya, fuatilia. Yule mjane wa Luka 18 hakwenda kwa hakimu mara moja tu.

Tatu, jua haki yako. Kwa kanuni za mwaka 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa CRB kama deni baya. Na mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya kukuhusu. Ukiipata notisi hiyo, usiifute ukidhani ni matangazo. Ni nafasi yako ya kusema mapema.

Nne, jihadhari na mtu anayekuambia umtumie pesa kidogo "akutoe CRB" leo leo. Hana ufunguo wowote. Atachukua pesa zako, na pengine na picha ya kitambulisho chako, akakukopee mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Na sasa neno gumu kidogo, kwa upendo. Kama deni ni lako kweli, usilikane. Barua ya malalamiko ni ya kurekebisha uongo, haikuwekwa ili kufuta ukweli. Ukiandika kwamba hukukopa na wewe ulikopa, hapo umemshuhudia jirani yako uongo, na amri ile inahusu hata benki. Zakayo hakubishana na hesabu zake. Aliahidi kurudisha. Nenda ukaongee na mkopeshaji, mpange malipo, ulipe kidogo kidogo. Ukimaliza, hakikisha rekodi inasema umelipa. Historia ya kuchelewa itabaki kwa miaka 5, lakini itabaki ikionyesha mtu aliyelipa, na huyo si sawa na aliyekimbia.

Mithali 22:1 inaliweka jina jema juu ya mali nyingi. Wengi tunaliombea hilo jina madhabahuni, halafu tunaona aibu kulitetea ofisini. Mtu wa Mungu, kuandika barua si kukosa imani. Aibu ndiyo inayokunyamazisha, na ukinyamaza, uongo unakaa pale ukisomwa na kila mwajiri na kila benki kana kwamba ni kweli.

Wiki hii, omba ripoti yako. Ukipata kosa na hujui kuandika barua, njoo ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Vijana wetu watakusaidia, na siri yako itabaki siri.

Tuombe: Baba, uliyelitunza gombo la Ahmetha, mkumbushe mwanao mahali ushahidi wake ulipo. Mpe ujasiri wa kusema kweli, iwe ya kumtetea au ya kumdai. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie ndugu mmoja anayelia kimya kimya. Mungu awabariki.

Mchungaji wenu.