Kioo Kipoe Kwanza

Darubini ni neno la asili ya Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Hapa Dodoma huifungua yangu uani kabla ya magharibi, kioo kipoe kilingane na hewa. Kioo chenye joto huzichemsha nyota. Huko Sutherland, Afrika Kusini, darubini kubwa ina vioo 91, navyo hulinganishwa kwanza viwe kama kimoja.

Novemba, mvua zikikaribia, Kilimia huchomoza jioni. Mama alilima maisha yake yote kwa kukitazama. Sasa ana mtoto wa jicho. Aliinamia darubini, akanyamaza.

“Mwanangu, sikioni. Nieleze.”

Nikatafuta maneno, nikayakosa. Kioo kilikwisha kupoa. Ulimi wangu ndio haukuwa tayari.