Safari ya Kuomba Msamaha wa Ada

Tuliondoka Nyalikungu kabla ya mapambazuko. "Mwangaluka," baba aliwasalimia abiria waliotutangulia, na kabla hatujaketi walishataka kujua tunakwenda Dar es Salaam kufanya nini. "Nampeleka binti yangu akaulizie chuo," akawajibu, na nikaisikia furaha katika sauti yake. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka Shinyanga.

Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka Julai. Nilisoma PCB: Fizikia B, Kemia B, Biolojia C, divisheni wani ya pointi saba. Mwalimu wetu wa Kemia ndiye aliyetuambia kwamba vipo vyuo vya Marekani vinavyomgharamia mgeni asiye na uwezo, ila kupeleka maombi kwenyewe kunalipiwa. Vingi hutoza kati ya dola 50 na 90. Chuo cha dola 75 kinafika karibu laki mbili za kwetu, na fedha hiyo hairudi hata ukikataliwa. Nyumbani kwetu fedha ya namna hiyo huonekana mara moja kwa mwaka, pamba ikishapimwa na kulipwa, na kabla haijalala inakuwa imeshagawanywa kwa madeni.

Mpaka Mwigumbi nilikuwa macho, baada ya Nzega nikasinzia. Niliamshwa na Sekenke, basi likinguruma kupanda, bonde la Wembere limebaki nyuma, pana kuliko nilivyowahi kuona ardhi ikienea. Singida ilipita, Dodoma ikapita kukiwa bado na jua. Tulishuka stendi ya Mbezi usiku, shangazi akatupokea.

Kesho yake tulikwenda Msasani, kwenye ubalozi wa Marekani, ambako EducationUSA hutoa ushauri kwa wanafunzi bila malipo. Baba aliuliza swali lililokuwa linamsumbua njia nzima: "Saba yake hii, huko inahesabika kubwa au ndogo?"

Lilikuwa swali la maana sana. Kwa Baraza la Mitihani A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu inageuza hesabu: A ni 5 na E ni 1, na B, B, C zangu zinakuwa 11. Kaka yangu aliyemaliza kidato cha nne 2014 hakupewa divisheni kabisa, alipewa GPA, kwa sababu mfumo ulibadilishwa, na mwaka 2016 divisheni zikarudishwa. Watoto wa nyumba moja wanashika karatasi zisizofanana, halafu tunashangaa wazazi wanapopotea.

Mshauri alichukua kalamu atuonyeshe GPA ya chuo inavyopatikana. Chuoni kila somo lina uniti zake. Unazidisha thamani ya gredi kwa uniti, unajumlisha, unagawanya kwa uniti zote. Tuseme A katika somo la uniti nne na B katika somo la uniti tatu. Marekani, ambako A ni 4 na B ni 3, unapata 3.57. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako A ni 5, B+ ni 4 na B ni 3, gredi hizohizo zinatoa 4.1. "Kwa hiyo usijigeuzie mwenyewe," akaniambia. "Peleka matokeo kama Baraza lilivyoyatoa. Wanaosoma maombi ya wageni wanajua kuyapima kwa mfumo wa nchi anakotoka mwombaji."

Kisha akafika kwenye ada ya maombi. Vipo vyuo visivyotoza kitu. Vingine vinasamehe ukiomba, na uthibitisho vinaoutaka ni barua ya mkuu wa shule inayoeleza hali ya familia. Baba aliinama. "Tutaonekana ombaomba, mwalimu."

"Hapana, mzee. Utaratibu huu upo kwa ajili ya mtoto kama huyu. Asiyeuomba ndiye anayelipa bure."

Maneno hayo yaliniuma kwa ajili ya wenzangu. Darasani kwetu walikuwapo walionizidi alama, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba barua moja ingeweza kuwafungulia njia. Msamaha wa ada si ufadhili. Ada ya masomo inabaki na mapambano yake. Lakini kumzuia mtu asipimwe kwa sababu hana laki mbili ni dhuluma, na dhuluma hiyo inaondolewa na karatasi ambayo mkuu wa shule anaweza kuiandika kwa nusu saa.

Tulimpigia mkuu wetu tukiwa bado Msasani. Barua ikaja jioni kwenye simu ya shangazi, ina muhuri na saini. Nikaituma kwenye vyuo nilivyovichagua. Vilivyojibu vilikubali, isipokuwa kimoja, nikakiondoa kwenye orodha. Fedha tuliyokuwa tumeibeba kwa ajili ya dola, baba alitoa humo shilingi 30,000 akalipia fomu yangu ya Bodi ya Mikopo, maana na hapa nyumbani nilikuwa ninaomba.