Damu Ilisafiri, Majibu Yakachelewa

Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania, mwaka 2004, kazi yetu sisi wa maabara huku Nyanda za Juu Kusini ilikuwa kukusanya. Tulichukua damu kwenye vichupa vya kifuniko cha zambarau, tukaizungusha kwenye mashine hadi yale maji ya manjano yakapanda juu, tukayagawa, tukayaandika namba na kuyagandisha kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Kasha la barafu kavu likishafungwa, damu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Huko ndiko vinasaba vya virusi vilikosomwa. Mara nyingi kilichorudi kwetu kilikuwa makala ya jarida. Faili la mgonjwa lilibaki kama lilivyokuwa.

Na virusi vya kwetu vilihitaji kusomwa. Elimu kubwa ya dunia wakati ule ilihusu aina B, inayotawala Ulaya na Marekani. Huku kwetu Mbeya tulikuwa na A, C na D, tena zikichanganyika ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Yuko mama simsahau. Siku ya uchungu alimeza kidonge kimoja cha nevirapine ili kumkinga mtoto, kama mwongozo wa wakati ule ulivyotaka. Miezi michache baadaye naye akaanzishiwa dawa, na nevirapine ilikuwa humo. Hakukosa kliniki, vidonge vyake vilihesabiwa vikatimia, na bado alizidi kukonda. Wahudumu wakamhoji: “Mama, kweli unameza?” Akajibu kwa upole, “Nameza, wanangu.” Damu yake ilikuwa imeshasafiri. Majibu yalipofika yalionyesha badiliko liitwalo K103N, ambalo hata kidonge kimoja cha nevirapine huweza kuliachia nafasi ya kukua, na likishakua dawa hiyo haifui dafu. Mama alikuwa ameshazikwa. Alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Leo mambo ni mengine. Tangu 2016 anayepimwa na kukutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake (CD4) ishuke, na tangu 2019 wengi wanatumia dolutegravir, dawa ambayo virusi huishinda kwa taabu. Kipimo cha wingi wa virusi kinafanyika katika hospitali zetu za kanda. Nimemwona binti wa Kitanzania akisoma vinasaba kwenye skrini: vilele vya rangi ya kijani, buluu, nyeusi na nyekundu vikipita mfululizo. Palipokaa vilele viwili mahali pamoja alisimama, akapakuza, akaniambia, “Hapa wako wa aina mbili, mzee. Mmoja anasikia dawa, mwingine hasikii.” Nilifurahi, na papo hapo nikaumia kwa wale waliotangulia.

Gaborone wametuonyesha uwezo huu unafika wapi. Maabara iliyotokana na ushirikiano wa Botswana na Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza 1996 kwa ajili ya VVU, ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuitambua Omicron, aina ya kirusi cha korona, Novemba 2021, chini ya Sikhulile Moyo. Waliozoea kusoma kirusi kimoja hawakupata shida kukisoma kingine.

Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wasiwasi uliingia hadi kwenye stoo za vitendanishi. Mashine tunazo, vijana tunao, ila vitendanishi vingi bado vinaagizwa ng’ambo na kulipiwa na mwingine. Mashine isiyo na vitendanishi haimsaidii mgonjwa, na kijana asiye na ajira ya kudumu ataondoka kumfuata anayemwajiri.

Kwa hiyo fungu la vitendanishi na la wataalamu hawa liwekwe kwenye bajeti yetu wenyewe kila mwaka, liheshimiwe kama mshahara wa mwalimu. Na kila tone la damu tunalochukua kwa utafiti, jibu lake limfikie kwanza aliyelitoa, angali hai, aweze kubadilishiwa dawa.