Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeisikia methali hii tangu utotoni, na kwa muda mrefu niliichukua kuwa ni onyo kwa wavivu wa kuandika. Siku hizi naona ndani yake limo swali jingine: daftari lenyewe likipotea, hasara ni ya nani?

Hapa Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, daftari halijawahi kuwa na maisha mepesi. Mvua ya Rungwe haina haraka ya kuondoka, na ukungu huingia madukani bila kubisha hodi. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akiuza mbolea na pembejeo, alikuwa akirudi nyumbani na daftari lake la madeni kila jioni na kuliweka darini juu ya jiko, mahali ambapo moshi hufukuza unyevu. Kurasa zake zilinuka moshi, lakini zilisomeka.

Kompyuta zilipoanza kuingia katika biashara zetu, disketi ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44 tu. Leo flashi ya gigabaiti 32, inayoning'inia kwenye funguo za kijana wa bodaboda, inabeba mzigo wa disketi zaidi ya 20,000. Na kabla ya hapo, mwaka 1956, kampuni ya IBM ilipotoa diski yake ya kwanza, sahani 50 zilizozunguka ndani ya kabati kubwa zilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Sasa biashara nyingi zinaacha hata sahani zinazozunguka na kuchukua diski za SSD, ambazo ndani yake hakuna kinachotembea. Zina kasi, na zinastahimili mtikisiko. Walakini nazo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na aghalabu hufa kimya. Diski ya zamani mara nyingi ilikwaruza na kulia kabla ya kukata roho, ikampa mwenye nayo nafasi ya kujiandaa.

Hapana shaka haya ni maendeleo. Lakini ndugu msomaji, ukubwa wa chombo ni jambo moja, na usalama wa haki ya mtu ni jambo jingine.

Miaka kadhaa iliyopita mnunuzi mmoja wa maziwa, ambaye sitamtaja, alihamisha hesabu zake zote kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta moja. Usiku mmoja radi ilipiga. Asubuhi kompyuta haikuwaka, na diski haikusomeka tena. Siku ya malipo wafugaji walipanga foleni. Waliotunza vikaratasi vyao vya kila siku walilipwa. Mama mmoja mzee, jirani yetu, hakuwa na karatasi yoyote. Alisimama akataja lita zake siku baada ya siku, kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Mnunuzi hakumwita mwongo. Alisema tu, "Mama, mimi nakuamini, ila mashine haina hesabu yako." Akalipwa nusu.

Diski ilikuwa ya mnunuzi, lakini hasara ilitembea mpaka ikamkuta asiye na nakala.

Fundi anayeuza seva atakueleza habari za diski pacha, ambazo huandikwa zote mbili kwa wakati mmoja, hata moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Ni jambo jema. Lakini radi yaweza kuwaua mapacha wote wawili, mwizi atawabeba pamoja, na karani akifuta jina la mtu, limefutika kotekote.

Wengine wanapeleka kumbukumbu zao mbali, mahali panapoitwa winguni. Jina hilo lisitudanganye sisi tunaoishi na mawingu ya kweli: ni diski za watu wengine, katika majengo makubwa yenye umeme wa akiba na walinzi. Mengine yako Cape Town, ambako kampuni ya Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020. Radi ya Tukuyu haifiki huko. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, na mwenye daftari winguni peke yake ikambidi asubiri. Ndiyo maana kampuni kubwa duniani bado zinanunua kanda za sumaku. Kanda moja ya LTO ya kizazi cha tisa, iliyoingia sokoni mwaka 2021, hubeba terabaiti 18, na ikishatolewa mashinini na kufungiwa kabatini, mhalifu wa mtandaoni hawezi kuigusa.

Mafundi wana kanuni yao: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa duka la Bulyaga hilo si gumu. Ya kwanza ikae kwenye kompyuta ya kazi, ya pili kwenye diski ya nje iliyohifadhiwa nyumbani pakavu, ya tatu winguni. Kisha, mara moja kwa mwezi, mtu ajaribu kuzifungua, maana nakala isiyofunguka ni sawa na ghala tupu lenye kufuli zuri.

Mimi ningeongeza ya nne, ikae kwa mhusika mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake. Ni haki nzuri, lakini hudaiwa kwa mwenye diski, na diski ikiwa imekufa hakuna cha kudai. Ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe na idadi ya lita, unaotumwa maziwa yakishapimwa tu, ni daftari dogo mkononi mwa mfugaji. Asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu wake jioni hiyohiyo, na kama kuna kosa, litaonekana kabla ya siku ya malipo.